Kaburi Lisilo na Mwili



Wapendwa waamini, tumo katika Dominika ya Pili ya Pasaka, ile ambayo tangu mwaka 2000 Mama Kanisa anaiadhimisha pia kama Dominika ya Huruma ya Mungu. Maua ya Kesha hayajanyauka bado altareni, mshumaa wa Pasaka ungali mrefu, na aleluya tuliyoizuia tangu Jumatano ya Majivu sasa tunaiimba mpaka sauti zinakauka. Katikati ya shangwe hiyo tumeona vema, juma hili, tuzungumze na wale ambao aleluya inawakwama kooni. Wamo kati yetu. Huketi mabenchi ya nyuma, husimama wenzao wanaposimama, na tunapokiri Kanuni ya Imani, tukifika mahali pa ufufuko wa wafu, wao hunyamaza kidogo, kisha hujiunga tena mbele. Tukiwa altareni tunawaona. Yamkini wao hawajui kwamba tunawaona.

Katika parokia yetu hii ya kando ya Ziwa Victoria yupo mama mmoja, sasa ni bibi mwenye wajukuu, ambaye ametukubalia tusimulie habari yake pasipo kulitaja jina lake. Mwanawe wa kwanza alipanda meli ya MV Bukoba akienda Mwanza kutafuta kazi. Meli hiyo ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kufika. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haikupatikana kamwe, kwa kuwa waliokuwamo walikuwa wengi kuliko waliokuwa wameandikwa. Wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma, pale Mwanza. Wengine ziwa halikuwarudisha. Mama huyu alikaa Mwanza siku kumi na moja, akipita safu kwa safu mahali maiti zilipolazwa, akifunua na kufunika, na siku ya kumi na mbili akarudi nyumbani na begi lake tupu.

Hakukuwa na jeneza, wala kaburi, na kwa hiyo, kwa mujibu wa fikra za jamaa zake, hakukuwa na msiba wa kuanua. Matanga yaliisha yenyewe, watu wakiondoka mmoja mmoja. Kwa watu wa huku, ambao huzika wapendwa wao kwenye kibanja, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, kukosa kaburi ni jambo zito kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Ndugu zetu Wajaluo, wa Rorya na wa ng'ambo ya mpaka huko Kenya, mtu akizama asionekane, wana desturi ya kuzika mahali pake tunda la mwegea, wanaloliita yago, ili nyumba ipate kitu cha kukabidhi ardhini. Wako wanaoicheka desturi hiyo. Sisi hatuicheki.

Tulipopangiwa parokia hii, miaka mingi baada ya ajali, mama yule alikuja ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti, akauliza: "Baba Padri, mnatufundisha kwamba atafufuka. Afufuke kutoka wapi? Wenzangu wana kaburi. Mimi nimngojee wapi?"

Tunaona haya kuandika jinsi tulivyomjibu, lakini tusipoiandika tafakari hii itakuwa ya uongo. Siku hiyo tulikuwa na mazishi ya mtu mwingine saa nane mchana, katekista alikuwa amekwisha kutangulia, na dereva wa pikipiki alikuwa akingoja nje. Tukamwambia lile ambalo kila mtu humwambia mfiwa: Mama, kazi ya Mungu haina makosa, jipe moyo. Kisha tukaongeza karipio. Tulikuwa tumesikia kwamba aliwahi kwenda kwa mtu mmoja aliyejiita mtumishi wa Mungu, naye akamwambia kwamba kijana hakufa majini bali alichukuliwa msukule, na kwamba kwa sadaka ya kutosha angerudishwa. Mama akauza ng'ombe wawili. Kijana hakurudi. Basi tulimkemea juu ya ushirikina, tukamkumbusha Amri ya Kwanza, tukamtaka aje kuungama.

Alisikiliza kwa adabu yote mpaka mwisho. Akainuka, akajifunga khanga yake vizuri, akasema: "Ni kweli, Baba, nilikosa. Lakini yule mtu aliniuliza mwanangu aliitwa nani."

Akatoka. Sisi hatukuwa tumemuuliza.

Wapendwa, tumeyabeba maneno hayo kwa muda mrefu, na ndiyo yanayotufanya tuseme leo, bila kuficha, maoni ambayo huenda wengine watayaona makali: kauli nyingi tunazowapa wafiwa si imani ya Pasaka. Zinafanana nayo kwa mbali, zimevaa sare yake, lakini siyo. Tunasema Mungu kampenda zaidi, kana kwamba Mungu hushindana na mama kwa kupenda mtoto, na akishinda humwua. Tunasema siku zake zilikuwa zimefika. Meli iliyobeba kupita kiasi ilikuwa imefika siku zake? Tunasema kazi ya Mungu haina makosa, na kwa hakika haina. Ila kabla ya kusema hivyo yatupasa kwanza kuthibitisha kwamba jambo lililo mbele yetu ni kazi ya Mungu. Kitabu cha Hekima, katika sura yake ya kwanza, kinafundisha waziwazi kwamba Mungu hakuiumba mauti, wala hafurahii kupotea kwa walio hai. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, anaiita mauti adui, tena adui wa mwisho kuangamizwa. Mtu hambembelezi mama kwa kumwambia kwamba adui aliyemwua mwanawe ni mjumbe wa Baba.

Wengi hukimbilia neno la Ayubu, juu ya Bwana atoaye na kutwaa. Ni neno takatifu. Lakini angalieni ni nani aliyelisema: alilisema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa ameanguka chini. Hakuambiwa na mtu aliyekuja kutoa pole na ambaye watoto wake walikuwa salama nyumbani. Aidha, kitabu hakiishii hapo. Baada ya sura ya neno lile zinafuata sura arobaini na moja, na katika nyingi kati ya hizo Ayubu analalamika, anahoji, anamshtaki Mungu, huku rafiki zake wakimletea maelezo mazuri ya kidini. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale wenye maelezo, na kumtetea yule mwenye malalamiko. Sisi mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya hatuna budi kuisoma sura ile ya mwisho kwa hofu kidogo.

Na Bwana wetu mwenyewe? Alipofika Bethania alikuwa anajua atakalolifanya. Alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka, na sanda zake mwilini. Hata hivyo alilia. Laiti angekuwa mtu wa msibani wa siku hizi, angewaambia Martha na Maria wanyamaze kwa sababu jambo litakwisha sasa hivi. Paulo naye, anapowaandikia Wathesalonike, hawakatazi kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini. Tofauti hiyo ni kubwa, na sisi tumeizoea kuipuuza, mpaka imefika mahali mshereheshaji wa mazishi (siku hizi mazishi nayo yana mshereheshaji, mpiga picha za video na ratiba iliyochapwa) anashika kipaza sauti na kuwaamuru wafiwa wasilie kwa kuwa wanachelewesha ratiba.

Tunajua linaloogopwa. Tunaogopa kwamba mfiwa akiruhusiwa kuuliza, ataishia kukana. Ndiyo maana tunaziba mdomo wake haraka kwa msemo. Lakini hebu tufungue Injili tuone ufufuko ulipokelewaje na wale wa kwanza. Katika Marko wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka, wala hawamwambii mtu neno. Katika Luka mitume wanayasikia maneno ya wanawake na kuyaona upuuzi mtupu. Na wale wawili wa njia ya Emau wanaliweka tumaini lao katika wakati uliopita, kama mtu anayeongea juu ya shamba alilokwisha kuliuza. Katika Mathayo jambo ni la kushangaza zaidi: wale kumi na mmoja wako mlimani Galilaya, Mfufuka amesimama mbele yao, wanamsujudia, na palepale wengine wanaona shaka. Mwinjili angeweza kulifuta hilo. Hakulifuta. Na Bwana hakusema wenye shaka wajitenge kwanza ndipo awatume. Aliwatuma wote kwa pamoja kwenda kwa mataifa yote. Kanisa lilianza safari yake likiwa na mashaka ndani ya chombo, na hata miaka ishirini na zaidi baadaye huko Korinto walikuwamo wabatizwa waliosema hakuna ufufuko wa wafu. Paulo aliwajibu kwa sura ndefu kuliko zote za waraka ule.

Lakini tuliyemtafuta hasa, kwa ajili ya mama yetu, ni Maria Magdalena. Tulikuwa tumeisoma sura ya ishirini ya Yohane mara nyingi tusizoweza kuzihesabu, na hatukuwahi kuona kwamba lile swali la ofisini kwetu ni swali lake. Maria hakwenda kaburini kutafuta ufufuko. Alikwenda kutafuta mwili. Anakuta mwili haupo, na kilio chake chote ni hicho kimoja: wamemchukua, wala hajui walikomweka. Anawaambia malaika, na malaika hawamtulizi. Anamwambia mtu anayemdhani kuwa mtunza bustani, na kumwomba amwonyeshe tu ulipo mwili, ili yeye akauchukue. Mwanamke mmoja, peke yake, alfajiri, akauchukue mwili wa mwanamume mzima! Hayo si maneno ya mtu anayepima nguvu zake. Ni maneno ya mama aliyekaa siku kumi na moja Mwanza.

Na Bwana anamjibuje? Hamfafanulii fumbo la ufufuko. Hamkaripii kwa kuwatafuta walio hai kati ya wafu. Anamwita jina lake. Neno moja tu, Maria, na mwanamke yule anageuka na kumtambua. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu, kwa hadhi ileile wanayoadhimishwa nayo mitume, na ni haki kabisa, kwa kuwa aliyekuwa wa kwanza kutumwa na habari za ufufuko alikuwa mtu aliyepotelewa na mwili wa mpendwa wake.

Sasa mnaelewa kwa nini maneno ya mama yule yalituchoma. Mwongo aliyemla ng'ombe wawili alijua jambo ambalo Bwana alilijua bustanini, na ambalo sisi, pamoja na stola zetu, tulilisahau.

Tukirudi kwa Tomaso, ambaye Injili yake tumeisikia leo. Huyu ameitwa asiyeamini kwa karne ishirini, na sisi wahubiri tumempiga vya kutosha. Lipo jambo moja ambalo hupita bila kutazamwa. Tomaso alitoa kauli yake ya kukataa jioni, au siku chache baada ya jioni ile ya Pasaka. Bwana akarudi baada ya siku nane. Siku hizo zote Tomaso alikuwa wapi? Injili inasema alikuwa ndani pamoja nao. Kumi waliomwona Bwana, na mmoja asiyeamini hata neno lao, waliishi nyumba moja, milango ikiwa imefungwa, wakala chakula kimoja. Hawakumfukuza. Naye hakuondoka. Laiti wangemtoa nje kwa sababu anavunja moyo wa kikundi, Bwana angekuja na kumkosa kwa mara ya pili. Kwa hiyo enyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mjane akisema katikati ya sala ya Alhamisi kwamba yeye haoni tena maana ya kusali, msimhamishie kwa padri kana kwamba ameanza kuumwa ugonjwa wa kuambukiza. Mpeni kiti. Siku nane huweza kuwa miaka nane.

Wapo watakaosema kwamba mashaka ni ya wachanga wa imani. Hao tunawaelekeza kwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye picha yake imo katika makanisa yetu mengi na ambaye mabinti wengi wamebatizwa kwa jina lake. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896, katika monasteri yake ya Lisieux huko Ufaransa, alikohoa damu kwa mara ya kwanza. Siku za Pasaka ileile giza likaingia rohoni mwake: mbingu, ambayo tangu utoto ilikuwa kwake kama nyumba ya jirani, ikafungwa ukuta. Giza hilo halikumwachia mpaka alipofariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24. Aliandika kwamba ameketishwa meza moja na wasioamini, naye amekubali kula mkate wao mchungu hadi Bwana atakapotaka. Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe akaivaa kifuani. Mtu huyo Kanisa limemtangaza msimamizi wa misioni mwaka 1927 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Wale wanaonyamaza mahali pa ufufuko wa wafu, tunapokiri imani, wajue wamekaa karibu na nani.

Hata hivyo swali la mama lilikuwa na upande wa pili, nao si wa moyo tu: afufuke kutoka wapi? Swali hili si geni, na waliolitumia kwanza kama silaha walikuwa watesi. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, waliuawa Wakristo wengi, miongoni mwao askofu mzee Pothino na kijakazi Blandina. Barua iliyohifadhiwa na Eusebio, mwandishi wa historia ya Kanisa, inasimulia kwamba maiti zao ziliachwa nje siku sita chini ya ulinzi, kisha zikachomwa, na majivu yakafagiliwa mtoni Rhône, kusudi watu hao wasiwe na tumaini la kufufuka. Watesi walikuwa wamefikiri kama sisi tunavyofikiri usiku tukikosa usingizi: pasipo kaburi hapana ufufuko. Na Kanisa la Lyon lilifanya nini? Liliomboleza kwa kukosa kuwazika, na barua haifichi huzuni hiyo. Kisha likaandika majina yao na kuyapeleka kwa makanisa ya mbali.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alilikuta swali lilelile baada ya mji wa Roma kutekwa mwaka 410, maiti za Wakristo zikabaki bila kuzikwa na wapagani wakawacheka. Jibu lake, katika kitabu chake cha kwanza cha Mji wa Mungu, ni kwamba mazishi ni faraja ya walio hai zaidi kuliko msaada kwa waliokufa, na kwamba Mungu aliyeumba hashindwi kukusanya. Hakusema hivyo kwa kudharau mazishi, maana mwili ulikuwa chombo cha Roho Mtakatifu na yapasa kuuheshimu. Wala hakusema hivyo kwa kuwa alikuwa mtu mkavu: mama yake Monika alipofariki huko Ostia mwaka 387, Augustino alijikaza asilie mbele ya watu, na baadaye, alipobaki peke yake, akaona ni afadhali kulia. Kitabu cha Ufunuo nacho, kinapofika siku ya mwisho, kinaitaja bahari kwanza, kabla ya kuzimu, kuwa itawatoa wafu waliomo ndani yake. Tulipomsomea mama yetu mstari huo, aliuliza kama ziwa nalo limo. Tulimwambia limo.

Ndiyo maana ile habari ya msukule lazima tuikatae kwa nguvu zote, bila kumdharau aliyenaswa nayo. Watazameni wawili hao kwa karibu. Msukule wa hadithi zetu amekatwa ulimi, hajui jina lake, hula pumba, hufanya kazi usiku katika shamba la mtu mwingine, na akirudishwa hurudi kwa malipo. Kristo Mfufuka anaita watu kwa majina, anawapa amani, anakula samaki mbele yao, haingii kwa ada. Na anazo alama za misumari. Hilo la mwisho ndilo tunalolipenda kupita yote. Mungu aliyeweza kuondoa kifo angeweza kuondoa makovu, aliyaacha. Mwili uliofufuka haukuwa mwili mwingine usio na historia. Ulikuwa mwili uleule ambao Mama Maria aliuzaa, ambao askari aliuchoma mkuki, umegeuzwa lakini haujabadilishwa na mwingine. Kijana yule wa MV Bukoba alikuwa na kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto, na kwa kovu hilo mama yake alikuwa akimtafuta kati ya maiti. Hatujui Mungu atawafufuaje wafu wake, na Paulo aliwaonya Wakorinto wasilifanye swali hilo kuwa mchezo wa akili. Ila tunasadiki kwamba atakayefufuka ni huyo, na si mfano wake.

Tulikwenda nyumbani kwa mama baada ya miezi mitatu ya kujizungusha. Tulikwenda na jumuiya yake, siku ya wiki, bila vipaza sauti. Tulianza kwa kuomba radhi, na kisha tukamuuliza mwanawe aliitwa nani. Alilitaja jina la ubatizo na jina la nyumbani, akataja na majina ya utani aliyopewa na wenzake shuleni, akacheka, akalia. Alitusimulia mpaka giza likaingia. Tukaadhimisha Misa ya marehemu chini ya mwembe, tukasimika msalaba kibanjani mahali alipopachagua yeye, tukaunyunyizia maji ya baraka. Wazee wawili walinong'ona kwamba hapo hapana kitu. Mmoja wa akina mama wa WAWATA akawajibu kwamba hata la Yerusalemu halina kitu. Hatukuwa na la kuongeza.

Je, sasa anaamini? Anakuja Misa, na anaketi benchi la nyuma kama zamani. Wakati wa Kanuni ya Imani wakati mwingine tunaona midomo yake ikitembea mpaka mwisho, wakati mwingine haitembei. Msiba wa MV Nyerere ulipotokea, Septemba 20, 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220 na baadhi yao wasiotambuliwa wakazikwa pamoja pale kisiwani, alinyamaza kwa juma zima. Kisha akaja kutuomba nauli, akaenda Ukerewe kukaa na mama asiyemjua.

Jambo moja hajaliweza. Tangu mwaka 1996 hali samaki wa ziwani, si sato, si sangara, hata dagaa. Hatujamshauri ale. Mwaka jana, katika kipindi hikihiki cha Pasaka, jumuiya yake ilisoma ile Injili ya ziwa la Tiberia, ambapo Bwana amesimama ufukoni kukipambazuka na amewasha moto wa makaa, na wavuvi wanakuja na wavu wenye samaki 153. Wote walisema mazuri juu ya wavu na juu ya Petro. Yeye aliuliza kama miongoni mwa wale wanafunzi alikuwamo mtu asiyeweza kula samaki, je, Bwana angemfanyaje. Katekista alitutazama. Tukafungua Injili tena, tukamwonyesha kwa kidole, sura ya ishirini na moja, aya ya tisa. Juu ya makaa palikuwa na samaki, na palikuwa na mkate.

"Basi," akasema, akafunga miwani yake.

Misa ya kuwaombea marehemu wote wa ziwa itaadhimishwa Mei 21, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Daftari la majina liko sakristia kwa mzee wa kanisa tangu leo. Tunaomba majina kamili, ya ubatizo na ya nyumbani, na wasiokuwa na makaburi waandikwe ukurasa wa kwanza. Tutayasoma yote, hata kama tutachelewa kutoka.